Mwaka wa Kitabu cha Madoa

Kwenye ratiba ya mazishi, baada ya maombi na kabla ya wasifu wa marehemu, palikuwa na mstari mmoja ulionifanya niikunje karatasi ile na kuitia mfukoni kama mtu aliyeiba: "Rafiki wa ujana, Mwalimu Shee wa Lamu." Nilidhani ni mjane aliyeniweka. Nilipomwendea kumpa pole akaniambia la, ni marehemu Mutua mwenyewe. Figo zake zilipokwisha kukataa kazi, aliitisha kalamu akaandika nani aseme na nani asiseme, maana alikuwa rubani na rubani haondoki bila orodha. "Aliniambia alikukosea zamani," mjane alisema, akinitazama kwa macho makavu ya mtu aliyelia akamaliza. "Hakuniambia alikukosea nini. Alisema ukitaka utasema mwenyewe, usipotaka usilazimishwe." Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya turubai lililojaa watu wa Machakos nisiowajua, na marubani waliovaa sare, nami katika kanzu iliyokunjamana kwa safari ya basi ya siku mbili. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Yakanipotea yote. Nikasema, "Hakunikosea kitu," nikarudi kuketi. Watu wakapiga makofi kidogo, makofi ya kutojua wanachokipigia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Kililana, upande wa bara wa Lamu, na ndege zinazoshuka uwanja wa Manda hupita karibu na paa la darasa langu. Wanafunzi huinua vichwa wote kwa pamoja. Mimi huendelea kuandika ubaoni mpaka mlio upotee. Miaka ishirini na minane sikupanda ndege, hata nyakati zile basi la Mombasa lilipokuwa likienda na askari mbele na askari nyuma, na mke wangu akinilaumu kwamba napenda kufa njiani kuliko kufika. Nilimwambia naogopa urefu. Tangu hapo hakuna mtu niliyemweleza habari za mwaka ule, mwaka niliotimiza miaka ishirini, na sasa kwa kuwa yule aliyeujua pamoja nami amekufa, naona nikinyamaza utakuwa umezikwa Machakos, nami ningali hai.

Mwaka ule uwanja wa Manda ulikuwa njia moja ya kurukia na banda la makuti. Abiria walikaa chini ya banda, kwenye mabenchi, wakijipepea kwa tiketi zao. Mimi na Mutua tulikuwa vijana wa kazi zote: kufukuza punda njiani kabla ndege haijatua, kusukuma mkokoteni wa mizigo hadi gatini, kupampu mafuta. Mutua alikuwa mwana wa Mwalimu Kilonzo, aliyeletwa kutoka bara kufundisha Lamu, na tulikuwa tumekaa dawati moja miaka minne, mimi mtoto wa mtaa wa Mkomani na yeye Mkamba aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka kumi na tano na kunywa maji ya chumvi mengi kuliko samaki. Mwajiri wetu alikuwa Kapteni Odera, rubani mstaafu aliyepanga nyumba Ras Kitau na kurusha ndege yake ya viti sita kwa ajili ya wageni wa hoteli za pale. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Kukiwa hakuna ndege alituchorea kwa chaki, juu ya kifuniko cha pipa, namna upepo unavyoisukuma ndege pembeni na namna ya kuhesabu uigeuze pua kiasi gani ili ufike ulikokusudia. Hesabu hizo nilizimaliza kabla hajaiweka chaki chini. "Shee ana kichwa," alisema. "Mutua ana mikono. Mngekuwa mtu mmoja ningestarehe." Mwezi wa Januari alitwambia kwamba rafiki yake wa zamani ana shule ya urubani Nairobi, na kwamba yeye hana mtoto wa kumsomesha. "Nitawapeleka nyote wawili. Lakini afya kwanza. Msinunue hata begi kabla daktari hajatia sahihi."

Sikuwa na wasiwasi. Niliona mbali kuliko wote; niliweza kuitambua ndege ingali nukta juu ya bara na kumwambia Kapteni ni ya nani. Nyumbani mama alikuwa akinicheka tu kwa jambo moja, kwamba akinituma sokoni narudi na nyanya mbichi. "Hata nyanya huyui kuteua," angesema, akizianika dirishani ziive. "Utaoa mke ukidhani ni mwekundu, kumbe chanikiwiti kama jani." Tulicheka sote. Nilidhani ni uzembe wangu.

Kisa cha mapipa ya mafuta kilitokea mwezi wa Machi. Nyuma ya banda tulikuwa na mapipa ya petroli ya ndege, na pembeni mapipa ya mafuta ya taa ya hoteli. Kapteni mwenyewe aliyapaka mikanda, nyekundu kwa petroli na kijani kwa mafuta ya taa, ila jua na chumvi vilikuwa vimeipausha rangi na kutu imeila. Mimi sikuitazama mikanda. Nilijua petroli iko upande wa kushoto, basi. Siku hiyo mtu alikuwa amefagia nyuma ya banda na kuyasogeza mapipa. Palikuwa na upepo mkali, nami nilikuwa na mafua, pua imeziba. Nikachomeka pampu na kuanza kujaza tangi la bawa la kulia. Mutua alikuja na kitambaa kufuta mafuta yaliyomwagika, akakipeleka puani, akanishika mkono uliokuwa ukizungusha.

"Shee, umetoa pipa lipi?"

"Hili. La petroli."

"Hili lina mkanda wa kijani."

"Lina mkanda mwekundu, Mutua."

Alidhani natania. Kisha akaniangalia uso. "Haya, tazama yote mawili. Nionyeshe lililo jekundu."

Niliyatazama. Niliona mapipa mawili yenye mikanda ya rangi ya tope, moja tope la asubuhi na jingine tope la jioni, na hakuna lililonambia kitu. Nikanyoosha kidole. Mutua alinishika kiganja taratibu, kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, akakihamishia kwenye pipa la pili. Chini ya banda walikuwa wameketi mke na mume waliokuwa wakirudi Mombasa, na mtoto mchanga amelala ndani ya kapu lenye chandarua. Mutua alikwenda akamwambia Kapteni kwamba pipa limeingia maji na lazima tuyamwage mafuta yote tujaze upya. "Vizuri umeangalia," Kapteni alimwambia, akaagiza chai nyingine. Tulifanya kazi ile kwa saa moja na nusu, tukalisafisha tangi mara mbili. Ndege iliporuka nilimwona Mutua ameketi chini mchangani, kitambaa kile kingali mkononi. Kapu lile alilisahau? Mimi sijalisahau. Yule mtoto leo ni mtu mzima mahali fulani, na hajui.

Dada mmoja wa hospitali, Sista Riziki, aliyesali kanisa moja na akina Mutua, alikuwa na kitabu cha kupimia macho. Tulimwendea Jumamosi moja tukamwambia tunataka kukijua kipimo kabla ya kwenda Nairobi. Alikifungua mezani karibu na dirisha. Kila ukurasa ulikuwa na duara la madoa, makubwa na madogo, na ndani ya madoa, walivyosema wao, mlikuwa na tarakimu. Ukurasa wa kwanza niliiona: kumi na mbili. Ule wa kwanza, nilikuja kuambiwa, umewekwa makusudi kila mtu auone. Wa pili sikuona kitu. Wa tatu sikuona kitu. Nilikuwa nikitazama changarawe. Mutua kando yangu alikuwa anazisoma chini kwa chini, upesi, kama mtu anayesoma namba za milango, kisha akanyamaza aliposikia mimi sisomi. Sista Riziki alikifunga kitabu. "Si ugonjwa," alisema. "Wengi wako hivyo, wanaishi na wasijue. Ila kwa urubani, mwanangu, watakuuliza." Nilitoka nikaenda kuketi nyuma ya hospitali, kwenye ngazi za chumba cha kufulia. Mutua akaja akaketi. Nililia mbele yake, na ni yeye aliyesema, nataka liandikwe hivyo, ni yeye aliyesema kwa kunionea huruma, "Si ni tarakimu tu? Wewe una kichwa. Zikariri."

Alikiazima kitabu, sijui alimwambia nini Sista Riziki. Kuanzia Mei hadi Julai, kila Jumapili baada ya wao kutoka kanisani, tulijifungia chumbani kwake katika nyumba ya serikali aliyopewa baba yake: kitanda kimoja cha chuma, ramani ya Kenya ukutani, dirisha lililotazama tangi la maji. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na namba ndogo, na mimi nilikariri namba na jibu lake. "Wa pili?" "Nane." "Wa nne?" "Ishirini na tisa." Alichanganya kurasa, alizigeuza juu chini, alifunika namba kwa kidole gumba, nami nikajifunza hata madoa yaliyo meusi zaidi pembeni yakaniambia ni ukurasa gani. Mama Mutua alitupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, na kwa sababu yangu hakutia nyama kama hakujua imechinjwa na nani. Nilikipenda chumba kile. Naamini sikuwahi kuwa na furaha kama Jumapili zile, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba furaha yangu kubwa ya ujana ilikuwa ya kujifunza kudanganya, na aliyenifundisha alikuwa akikonda.

Jumapili ya mwisho nilikuwa nje, nanawa mikono bombani chini ya dirisha la jiko. Mwalimu Kilonzo na mkewe walizoea kuchanganya Kikamba na Kiswahili, na niliyoyafahamu yalitosha. Mama Mutua alikuwa akisema, "Mwache. Ni mtoto mzuri. Akikosa hii atavunjika." Mwalimu alijibu, "Atavunjika yeye mmoja. Sasa siku akibeba watu? Mutua halali. Umemwona?" Kisha kijiko kikaanguka. Nilibaki na mikono yenye sabuni. Nilikuwa na nafasi yangu pale. Ningeweza kuingia nikasema, Mwalimu, nimesikia, na ni kweli. Nilifungua maji nikajisuuza, nikaingia kula.

Agosti Kapteni Odera alituchukua Nairobi kwa ndege yake. Alinikalisha mbele, akaniachia usukani juu ya mbuga zilizokauka, na kwa muda wa kama robo saa niliishika ndege ile mwenyewe. Sitaeleza. Nimejaribu mara nyingi kueleza na nimeona ni afadhali niseme tu kwamba niliishika, nayo ikanitii.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Alinipima uzito, masikio, moyo, mkojo. Herufi za ukutani nilizisoma hadi mstari wa mwisho, akatabasamu. Kisha akatoa kitabu. Kilikuwa kama kile cha Sista Riziki. Nilizitaja tarakimu zote, moja baada ya nyingine, wala sikuharakisha, maana Mutua alikuwa amenifundisha kusita kidogo kwenye zile ngumu. Akaandika. "Una macho ya tai," aliniambia. "Nenda ukale, urudi saa nane nikupe cheti. Mwite mwenzako."

Tulikula hoteli ndogo ng'ambo ya barabara, ugali na maini. Mimi ndiye niliyesema peke yangu. Nilimwambia Kapteni kwamba nikipata mshahara wa kwanza nitampeleka mama Hijja. Kapteni alicheka kwa mara ya kwanza nikamwona ana pengo. Mutua alikuwa akiubonyeza ugali kwa kidole bila kuupeleka kinywani. Akasema amesahau kitambulisho chake kwa daktari, akatoka. Nilivuta sahani yake, nikayala na maini yake pia.

Niliporudi saa nane daktari hakuwa na cheti mezani. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alinipeleka chumba kisicho na dirisha, akafunga mlango, akawasha taa ndogo mbili mbali nami, ndogo kama tundu la sindano. "Niambie rangi tu," alisema. "Nyekundu, kijani au nyeupe. Hapa hakuna kurasa." Nilibahatisha. Taa zilibadilika, nikabahatisha tena. Sauti yangu niliisikia ikizidi kuwa ndogo. Alipowasha taa ya chumba aliketi kando yangu, si nyuma ya meza. "Usiku, kule juu, ubavu wa kushoto wa ndege nyingine una taa nyekundu na wa kulia ya kijani. Hizo ndizo zinakwambia kama inakujia au inakwenda. Naweza kukupa cheti cha kuruka mwenyewe, mchana, bila abiria wa kulipa. Cha kazi siwezi, mwanangu. Nikikupa nitakuwa nimekuua mimi, na si wewe peke yako."

Mutua alikuwa amesimama kwenye ujia, mgongo ukutani.

"Umemwambia," nilisema.

"Nimemwambia."

"Kwa nini usiniambie mimi kwanza?"

"Ningekwambia ungeniomba ninyamaze." Alikuwa analia waziwazi, watu wakipita. "Na ningenyamaza, Shee. Ndiyo maana."

Nilimwambia alitaka kwenda peke yake. Nilijua ni uongo, nafasi zilikuwa mbili na hakuna aliyetushindanisha. Nilimwambia kwamba watu wa bara ndivyo walivyo, huja kwetu, hula kwetu, kisha huchukua. Nilimwambia tangu leo simjui. Kapteni Odera alijaribu kunishika bega, akasema kazi yoyote nyingine pale uwanjani ni yangu mpaka atakapokufa. Nikautoa mkono wake. Sikurudi kwa ndege ile. Nilipanda basi, nikafika Mokowe siku ya tatu, nikavuka kwa boti hadi Lamu, na mama aliponiona mlangoni hakuuliza. Nilipomweleza alinishika mashavu kwa mikono miwili akayatazama macho yangu kwa karibu sana, kama anayetafuta unyoya ulioingia. "Mato yako mazima, mwanangu," alisema. "Ni ndia moya tu ilofungwa. Nti ni kubwa." Njia moja ilifungwa na nchi ikabaki kubwa, ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Kilonzo ndiye aliyeniandikia barua ya kuingia chuo cha ualimu, nami niliipokea barua yake bila kumuuliza habari za mwanawe. Hilo nalo nililifanya.

Mwezi wa Disemba, Ijumaa, baada ya sala, mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mimi nilikuwa chumba cha juu kinachotazama ua wa ndani, nimelala na kitabu usoni. Nikasikia hodi, na nikaijua sauti kabla haijamaliza. Mutua alikuwa amekuja likizo, na siku ile ndiyo aliyokuwa akirudi Nairobi. Alijua kwamba Ijumaa kwetu hakuli mtu peke yake.

"Mama, yupo?"

"Yuko yuu. Ndoo uketi, mwanangu. Umekonda." Alimkaribisha akae, kisha akainua sauti kuelekea juu. "Shee! Una mgeni." Nilisikia wote wawili wakisubiri. Bomba la ua lilikuwa likidondoka. Nilihesabu matone, mtu wa hesabu, nikafika arubaini na kitu. Mama akaanza kupakua. Alimuuliza wanalishwa nini huko, akamuuliza kama ni kweli wanamwacha mtu hewani peke yake. Mutua akamwambia kwamba mwezi uliopita mwalimu wake aliteremka akafunga mlango, akamwambia nenda. "Kiti cha pili kilikuwa kitupu, Mama. Nikawa naongea na Shee. Nikamwambia, sasa tunageuka kushoto. Sasa tunapunguza. Upepo nilimwachia yeye auhesabu." Alijaribu kucheka. Mama hakucheka. Nilisikia sahani ikisukumwa karibu naye, na mama akimwambia ale, ale, samaki huyu hana miiba.

Alikaa muda mrefu. Alipoinuka alisimama chini ya ngazi. Niliona kivuli chake kwenye kipandio cha kwanza. Nilijua angepanda kama ningekohoa tu. Kisha akamuaga mama, na komeo la mlango likalia, na nyayo zake zikashuka kichochoro kuelekea pwani.

Mama alipanda na sahani yangu. Aliiweka sakafuni, akaketi kizingitini akinipa mgongo. "Mimi nimezaa wewe," alisema, "lakini leo nimeona haya mbele ya yule."

Kutoka mlangoni petu hadi gatini ni mwendo wa dakika saba, nane ukikutana na punda. Boti ya kuvuka Manda iliharibika mashine mchana ule. Nililijua baadaye sana, mama alipokuwa mgonjwa na kutaka kuniambia yote aliyoyaficha: alimfuata Mutua na chupa ya maji aliyoisahau, akamkuta amekaa gatini juu ya begi lake, uso ameuelekeza kichochoroni kwetu. Mutua alikaa pale karibu saa nzima akitazama kama nitatokea, nami sikutoka.